Maganda ya kahawa: usiyatupe, lakini usiyacheleweshe

Ukimenya kahawa mbivu, yale maganda mekundu yenye nyama tamu yanafaa kutengenezea kinywaji cha papo hapo, yaani unga unaokorogwa tu kwenye maji. Wayemeni wamekuwa wakiyachemsha na tangawizi tangu zamani, wakakiita kinywaji hicho qishr.

Kazi kubwa iko kwenye kukausha. Maganda yana sukari na maji mengi, kwa hiyo huanza kuchacha ndani ya saa chache. Yatandaze siku hiyo hiyo, tabaka jembamba, kwenye wavu ulioinuliwa kutoka chini, na uyageuze mara kwa mara mpaka yavunjike mkononi. Yakiota ukungu, tupa. Okratoksini, sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Na kama shamba limepuliziwa dawa karibuni, achana nayo kabisa, maana dawa hubaki kwenye ganda.

Kupata unga: loweka kwenye maji moto, chuja vizuri, punguza maji kwa moto mdogo, kisha kausha. Hapa wengi hukwama. Sukari ile hunyonya unyevu wa hewani, na unga unageuka gundi. Ndiyo maana viwandani huchanganya maltodekstrini (unga unaotokana na wanga) kabla ya kukausha kwa kupuliza, yaani kurusha kimiminika kama manyunyu kwenye hewa moto. Fungasha mara moja, kwenye pakiti isiyopitisha hewa.

Kafeini imo, ingawa watu hudhani haimo kwa kuwa ladha yake ni ya matunda. Iandike kwenye lebo. Ukitaka kuuza Umoja wa Ulaya, maganda haya yaliruhusiwa huko mwaka 2022 kama “chakula kipya”, yaani kisichokuwa na mazoea ya kuliwa huko, kwa masharti.