Somo: Kurudisha sakafu ya mbao ya pikapu ya zamani kwenye hewa ya chumvi

Pikapu kuukuu ya Mombasa haianzi kuoza juu. Juu jua hukausha. Uozo huanza pale ubao unapoukalia mhimili wa chuma, mahali ambapo maji huingia na upepo haufiki. Ndiyo maana sakafu nyingi hubadilishwa mbao zikapendeza, na baada ya masika mawili kutu ikachungulia tena: kazi ilifanywa kwenye mbao, chumvi ikaachwa kwenye chuma.

Vipimo vya hapa ni vya bodi, yaani sanduku la mizigo la nyuma, yenye upana wa mita 1.20 na urefu wa mita 1.95, mihimili mitano. Yako pima mwenyewe kabla ya kununua chochote.

Kufungua

Toa waya wa betri. Kama tangi la petroli liko chini ya bodi, lishushe na ulipeleke mbali kabla ya cheche ya kwanza. Bolti za zamani usihangaike kuzifungua, zikate vichwa kwa grenda na jiwe jembamba la milimita 1. Ubao mmoja uliosalimika uweke kando uwe kipimo. Kisha pima bodi kwa kamba, kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 5, bodi imepinda. Inyooshwe sasa, maana baada ya mbao kuingia haitanyooka.

Chuma

Hapa usikimbilie. Gonga kila mhimili kwa nyundo ndogo kuanzia ncha hadi ncha. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito kama ya debe lililojaa mchanga. Kilichooza kikate hadi ufike penye uzima, uchomelee kipande cha unene wa milimita 3. Kiraka cha fila, ile pasti ya kuzibia bodi, juu ya tundu hakibebi mzigo. Toboa tundu la milimita 10 mahali pa chini kabisa pa kila mhimili ili maji yasilale.

Kwangua kutu kwa brashi ya waya ya grenda, kisha osha. Watu wengi huosha kwa maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi, kwa hiyo wanairudisha ile ile waliyoikwangua. Tumia maji ya mvua au ya mfereji, sugua kwa brashi ngumu, suuza, acha chuma kilale usiku mmoja. Asubuhi kiangalie kwa karibu. Ukiona vidoa vyeusi vyenye unyevu, vinavyotoa kama jasho, chumvi bado imo ndani ya vishimo. Kwangua na uoshe tena, hata mara tatu.

Praima ya epoksi ipakwe siku hiyo hiyo chuma kinapokuwa safi na kikavu. Kujua kama hewa inaruhusu, pangusa chuma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Alama ikikauka ndani ya robo saa, paka. Ikibaki, ngoja. Kwa kawaida saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ndio wakati mzuri, na Januari na Februari ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Mikono miwili ya praima, kisha rangi. Juu ya mhimili, pale ubao utakapokaa, tandaza sila (gundi ya kuzibia maji) ya poliurethani na uiache ikauke kabisa. Mpira wa tyubu usitie: hushika maji chini yake.

Mbao

Mvule unatosha na unafanyika kwa urahisi. Mbambakofi ni mgumu na mzito zaidi. Kwa sakafu hii ya unene wa milimita 22, mvule ni takriban kilo 33, mbambakofi kilo 41. Mbao zikitoka bara zikiwa kavu, zipange chini ya paa kwa wiki tatu, vijiti katikati, zizoee unyevu wa pwani. Zikifungwa kavu zitavimba na kusukumana hadi zinyanyuke.

Kata mbao 8 za upana wa milimita 136. Acha nafasi ya milimita 12 kati yake, na 14 zibaki kila ubavu, zifunikwe kwa engo, chuma cha pembe, ya milimita 30 kwa 30. Punguza kingo za juu upana wa milimita 10 na kina cha milimita 3, mkanda wa chuma utakaofunika kila nafasi ulale sawa na ubao.

Mafuta ya kitani, yale dukani huitwa linsidi, yapakwe kabla ya kufunga, pande zote sita. Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini, miwili inayofuata yawe matupu. Lita 2 zinatosha. Ncha za mbao zipewe mara mbili zaidi, kwani huko ndiko maji hunywewa. Vitambaa vya mafuta hayo vitandaze nje vikauke au vilowekwe majini: vikifinyangwa pamoja huwaka moto vyenyewe.

Kufunga

Mikanda 7 ya fletibaa, chuma bapa, ya upana wa milimita 30 na unene wa 3: fletibaa 3 za mita 6 zinakutosha. Bolti za kichwa cha kuba chenye shingo ya mraba, M8 kwa 40 (unene milimita 8, urefu 40), ni 35, nunua 40. Tundu la mkanda toboa kwa drili ya 8.5, kisha litengeneze mraba kwa tupa, la sivyo bolti itazunguka nawe. Bolti zipite kwenye nafasi kati ya mbao, ubao wenyewe usitobolewe. Hivyo ubao hubanwa na mkanda lakini una ruhusa ya kutanuka. Kaza, kisha rudia baada ya wiki mbili.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Changamwe:* Asante kwa somo, fundi. Bolti za stenlesi au za zinki?
Stenlesi, ndugu yangu, na kichwani pawe na alama A4, daraja linalostahimili chumvi. A2, daraja la kawaida, hupata madoa ya kutu hewani kwetu. Paka grisi ya kopa (yenye shaba) kwenye nyuzi, maana nati ya stenlesi hung'ang'ania ikakatika. Zinki ing'aayo ya dukani haimalizi mwaka. Ile iliyochovywa kwenye zinki ya moto inafaa, ila nati yake ni ya kwake, usichanganye na ya kawaida.

*Mwanachama wa Mtwapa:* Msumeno wangu umekufa meno kwenye mvule mmoja tu. Mbona?
Mvule huwa na vijiwe vya chokaa ndani. Chunguza madoa meupe kabla ya kukata, na tumia msumeno wa meno ya kabaidi.

*Mwanachama wa Likoni:* Bwana fundi, saipresi iliyotiwa dawa si rahisi zaidi?
Ni rahisi, na inafaa ukiongeza unene hadi milimita 28. Punguza kingo hadi kina cha 3 vile vile, na bolti ziwe za 50. Lakini dawa yenye shaba hula zinki, kwa hiyo bolti ni stenlesi tu.

*Mwanachama wa Kongowea:* Nabeba samaki na barafu. Nifunike kwa bati la maua, lile lenye nakshi za kuzuia kuteleza?
Usifunike. Maji ya barafu yenye chumvi yataingia chini ya bati na hutayaona mpaka ubao uwe unga. Weka samaki ndani ya makasha yasiyovuja, osha sakafu kwa maji baridi ya mfereji jioni ile ile, na chini ya gari pia. Mafuta rudia kabla ya masika na kabla ya vuli.