Somo: Namna ya kupata fildi (mafunzo kwa vitendo) ya uhifadhi wa ardhi Arusha na Moshi

Wakuu, salaam. Kila mwaka ikikaribia Julai, wanachuo huanza kuzunguka mjini Arusha na bahasha za kaki, wengi wakielekea TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa kuwa makao makuu yako hapa. Si vibaya. Ila kama unataka kujua ardhi inalindwaje, na nani, na kwa karatasi gani, kazi hiyo iko halmashauri na vijijini, na waombaji huko si wengi.

Hatua ya 1: Barua ya utambulisho ya chuo. Ifuatilie Machi au Aprili. Itaje kozi, mwaka wa masomo na tarehe za kuanza na kumaliza.

Hatua ya 2: Chagua mlango. Kwa Monduli, Longido au Simanjiro, mwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri na utaje upande unaoutaka, ardhi au maliasili. Kuna pia jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, WMA kama wengi tunavyoziita: Randilen iko Monduli, Enduimet Longido, Burunge Babati. Upande wa mashirika yasiyo ya kiserikali kuna UCRT (Ujamaa Community Resource Team), waliosaidia Wahadzabe wa Bonde la Yaeda kupata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011. Walioko Moshi wanaweza kufanya kazi nzuri kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, na vyanzo vya maji. Ukitaka msitu wenyewe wa Kilimanjaro, hapo unarudi TANAPA, maana uko ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005.

Hatua ya 3: Barua yako ya maombi, ukurasa mmoja. "Napenda mazingira" kila mtu anaandika. Andika unachokiweza: kutumia GPS, kuchora ramani kwa QGIS, kuandika muhtasari wa kikao, kuongea Kimaasai.

Hatua ya 4: Ukifika kijijini, ripoti kwanza kwa mtendaji wa kijiji na barua mkononi, kisha kwa mwenyekiti. Usianze kupiga picha.

Hapa ndipo utamu ulipo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mpango wa matumizi ya ardhi hauna nguvu mpaka mkutano mkuu wa kijiji uukubali. Kwa hiyo utakaa chini ya mti tangu asubuhi, watu wakibishana mapito ya mifugo yapite wapi, na alalili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, yaishie wapi. Siku ya kupima mipaka, mzee anaelekeza kwa fimbo: "Ule mgunga." Wewe unasogea pale, unasubiri GPS itulie, unaandika namba, halafu mzee wa kijiji jirani anasema mgunga wenyewe ni ule mwingine. Andika yote mawili. Ugomvi huo ndio ripoti yako.

Hatua ya 5: Logibuku, yaani daftari la kazi zako za kila siku, ijazwe kila jioni, na msimamizi asaini kila wiki. Ukiziacha saini zote zije wiki ya mwisho, utamkuta yuko safarini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nasoma sosholojia. Watanipokea?
Jibu: Vizuri tu. Wapimaji wapo, anayejua kuendesha kikao na kusikiliza akina mama waliokaa nyuma ni adimu.

Swali: Kuna posho?
Jibu: Usiitegemee. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, fuatilia fedha ya mafunzo kwa vitendo kabla chuo hakijafunga. Uliza pia mapema nani analipia usafiri wa kwenda vijijini, maana bodaboda za porini zitakumaliza.

Swali: Nikienda Simanjiro Agosti nitawaona nyumbu?
Jibu: Utaona ng'ombe zaidi. Kiangazi nyumbu na pundamilia wengi wako Tarangire, karibu na mto. Mvua zikianza ndipo wanatoka kwenda mbugani Simanjiro kuzaa, kwa kuwa majani ya huko yana madini mengi. Ndiyo maana ardhi ya vijiji ina uzito: mnyama wa hifadhini anaishi nusu ya mwaka kwa wafugaji.

Swali: Mimi ni binti, naogopa suala la malazi.
Jibu: Dada yangu, hilo limalize kabla ya kusafiri. Omba ofisi ikutafutie chumba kwa mwalimu au muuguzi wa kijiji, upewe namba ya simu ya mwenyeji, na uongee naye mwenyewe. Wakisema "tutaona ukifika", omba kwingine.