Mwili ukiuma kwenye mazoezi, uulize kwanza ndo uendelee

Nyinyi mnaokimbia Mama Ngina hapa Mombasa alfajiri na wale wa mchangani ufuoni Pirates, hebu tuongee hii mambo ya kuuma manake watu wanaumia bure. Jimu utaambiwa bila kuumia misuli haiji, ukirudi nyumbani mama akikuona wachechemea akwambia wacha mazoezi kabisa. Wote hawajauliza: wapi pauma, pauma vipi, na kesho asubuhi pakoje.

Umepiga skwati (kuchuchumaa na kuinuka) jumapili baada ya muda mrefu, jioni uko freshi, jumanne washuka ule mteremko wa feri Likoni mapaja yatetemeka mpaka watafuta pa kushika, na watu nyuma wakusukuma. Hilo si jeraha la kuogopa. Ni misuli imepewa kazi haijaizoea, nyuzi zake zimechubuka kidogo sana, na kazi ya kushuka ndo huchubua zaidi. Huanza ndani ya siku moja hivi, hukolea ya pili ama ya tatu, halafu huisha yenyewe. Na si asidi laktiki, ule uchachu misuli hutoa ikifanya kazi kali, kama tulivyoambiwa, hiyo huondoka kwenye misuli lisaa limoja ama mawili tu baada ya zoezi. We tembeatembea, lala vizuri, mapaja usiyabebeshe uzito mpaka yalegee, ukirudia wiki ijayo hayaumi vile tena.

Ingine ni ile yachoma kama sindano, waweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, iko kwa kiungo si kwa nyama, ama goti limevimba, ama ukilikanyagia lataka kukuachia. Simama siku hiyo hiyo, tafadhali. Mimi langu la kulia lilianza pembeni kidogo tu, nikalifunga bandeji nikakimbia nalo wiki tatu, nikaja kukaa miezi miwili kuchuchumaa siwezi, naswali kwenye kiti.

Kama hujui ni ipi, jipimie maumivu 0 mpaka 10, 0 haiumi kabisa, 10 ndo mabaya kuliko yote. Ikiwa haipiti 3, haizidi ukiendelea, na asubuhi imerudi ilivyokuwa, endelea lakini punguza mwendo ama uzito. Ukiamka iko juu, ulizidisha jana. Na ujue ubongo ndo unaotengeneza maumivu kwa kukusanya habari zote, kwahivyo hujalala, una mawazo ya kodi, goti lile lile litauma zaidi bila kuharibika zaidi, na lauma kweli, usimwambie mtu ajifanya.

Lakini kifua kikibana na maumivu yakaelekea mkono ama taya, ama shavu la mguu mmoja, ile nyama ya nyuma chini ya goti, limevimba lauma, ama baada ya mazoezi makali mkojo umetoka mweusi kama chai ya rangi, hapo hakuna kujipimia, chukua tuktuk uende hospitali sai hata kama ni usiku.