Kuweka video kwenye tovuti bila kumaliza bando la mgeni

Klipu ya matatu uliyorekodi kwa simu pale Tom Mboya Street usiipakie hivyo hivyo. Ibane kwanza kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri za kuandika:

ffmpeg -i matatu.mov -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 26 -c:a aac -b:a 96k -movflags +faststart matatu.mp4

Cheza na hiyo 26 ya -crf, inayopanga ubora: ukiipandisha, faili hupungua na picha huanza kuchakaa. Faststart huleta faharasa ya video mwanzoni mwa faili. Ukiisahau, mtu mwenye intaneti ya kusuasua huenda akabaki kukodolea macho duara linalozunguka.

Kisha kwenye ukurasa:

<video src="matatu.mp4" poster="matatu.jpg" preload="none" controls playsinline></video>

Kwa preload="none" picha ya poster, ile inayoonekana kabla video haijachezwa, ndiyo hupakuliwa; video husubiri kubofywa. Ukiondoa playsinline, iPhone huifungua skrini nzima. Ukitaka ijicheze, autoplay lazima iandamane na muted (bila sauti), maana Chrome na Safari kwa kawaida huzuia sauti isiyoombwa. Kusema kweli, kwa mtu wa bando la siku, kujicheza ni uchokozi.

Manukuu, yale maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video, huwatesa wengi. Faili ya .vtt ianze na neno WEBVTT, na sekunde zitengwe kwa nukta, 00:00:02.500, mkato ni wa .srt, aina nyingine ya faili ya manukuu. Iunganishe kwa <track> ndani ya tagi ya video ya hapo juu. Bado hayaonekani? Pengine umefungua ukurasa kwa kubofya faili mara mbili, na kivinjari huyazuia. Andika python3 -m http.server 8000 kwenye terminal ukiwa ndani ya folda ya ukurasa, kisha ufungue localhost:8000 kwenye kivinjari.