Kumtuliza Kabla ya Kumfundisha: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Watoto Wenye Usonji

Mwalimu anayempokea kwa mara ya kwanza mwanafunzi mwenye usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na anavyohisi yanayomzunguka, huwaza zaidi namna ya kumfundisha kusoma na kuhesabu. Ningemshauri atangulize swali jingine: ni kitu gani humu darasani kinachomtia hofu mtoto huyu? Aliyejaa wasiwasi hajifunzi, na mengi tunayoyaita utundu au ukaidi ni wasiwasi uliokosa maneno.

Chukua kengele. Katika shule zetu nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na mlio ambao kwa wenzake ni habari njema ya mapumziko, kwake huenda ukawa maumivu ya masikio. Kwa siku kadhaa andika katika daftari kilichotokea dakika chache kabla ya kila kilio na kabla ya kila alipotoroka darasani: kengele, harufu ya choo, sweta linalowasha, msukumano katika foleni ya uji. Jambo likijirudia, umepata pa kuanzia. Ikiwa ni kengele, mtoe nje mapema au mkalishe mbali nayo. Na wapo wanaotulia kabisa wakipewa kazi ya kuigonga wenyewe, kwa kuwa mlio unaojua utakuja lini hauvamii.

Kujua kitakachofuata ndiyo dawa kubwa ya wasiwasi huu, na ratiba ya picha huitengeneza kwa gharama ndogo. Kata ubavu wa boksi, ubandike kwa mpangilio picha zilizochorwa au kupigwa kwa simu: ubao wa kuandikia, kikombe cha uji, kiwanja, mkoba, mlango wa nyumbani. Kisha weka kibanio cha nguo pembeni, na kila shughuli inapokwisha mtoto akisogeze mwenyewe hadi picha inayofuata. Mwalimu wa zamu akibadilika au mvua ikizuia michezo, badilisha picha mbele ya macho yake kabla badiliko halijamfikia. Mzazi atengeneze ubao kama huo nyumbani, hasa kwa saa za asubuhi.

Lugha nayo hutatiza kuliko tunavyodhani. Mtoto anayeyachukua maneno kama yalivyo akiambiwa “shika adabu” hajui ashike nini, na “njoo mara moja” kwake ni kuja safari moja tu. Sema “keti kitini, mikono juu ya meza,” kisha nyamaza umpe muda wa kuyapanga maneno hayo kichwani kabla ya kuyarudia. Wengine hurudia maneno waliyoyasikia: anasema “Unataka uji?” akimaanisha kwamba yeye ndiye anayetaka. Usimcheke wala usimsahihishe kwa ukali, mpe kikombe huku ukitamka sentensi anayoihitaji, “Nataka uji.” Asiyesema kabisa aonyeshe kwa picha, kwani kutumia picha si kumnyima nafasi ya kuja kusema.

Siku atakapolemewa, akapiga mayowe au kujitupa chini, huo si wakati wa kuhoji wala wa fimbo. Ondoa watazamaji na vitu vinavyoweza kumuumiza, punguza maneno, mwongoze hadi kwenye mkeka ulioandaliwa pembeni ambao hautumiki kamwe kuwa mahali pa adhabu, kisha subiri. Kupunga mikono au kujitikisa kusikojeruhi kuachwe, maana ndivyo anavyojituliza.

Waangalie zaidi wale walio kimya, hasa vijana na wasichana. Wapo wanaojikaza kutwa nzima wafanane na wenzao, mwalimu akawasifu, kisha wakifika nyumbani wanalia au kulala bila kula. Mzazi akieleza hivyo, asiambiwe kwamba mtoto hana shida shuleni. Badiliko la usingizi, la hamu ya kula, au kuacha kitu alichokipenda lichunguzwe, kwanza kwa daktari, kwa sababu jino bovu au sikio linalouma laweza kujitokeza kama hasira. Kijana akizungumzia kujidhuru au kufa, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Hakuna dawa inayoondoa usonji, na anayeuza ya namna hiyo asipewe fedha. Wasiwasi na huzuni vinavyouandama ndivyo vinavyotibika.

Vipo vitengo vya usonji ndani ya shule za kawaida, kama vile Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam na City Primary ya Nairobi, lakini wengi watasoma katika darasa la jirani lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja. Kwa hiyo, kabla ya shule kufunguliwa Januari, mzazi aombe ruhusa ampeleke mtoto kwenye darasa jipya likiwa tupu, akae kwenye dawati lake na kuonyeshwa choo kilipo, kisha amwachie mwalimu mpya karatasi moja inayotaja yanayomtisha, yanayomtuliza, na jinsi anavyoomba maji.