Kusimamia Ufadhili wa Masomo kwa Viongozi Vijana: Mwongozo kwa Waratibu wa Dodoma

Anza na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai hiyohiyo, na vyuo vingi hufunguliwa Oktoba au Novemba. Una kama miezi mitatu ya kutangaza, kuchuja, kusaili na kulipa. Tangazo likae wazi siku 21, usaili uishe katikati ya Septemba. Ukichelewa hadi Desemba, mvua imeanza. Vijana wa Chemba, Bahi na Mpwapwa wako shambani wanapanda uwele na mtama, na korongo likijaa basi halivuki. Atakayekosa usaili ni yuleyule ambaye fedha hizi zilitengwa kwa ajili yake, na hilo linauma.

Tangazo lisiishie mtandaoni. Lipite kwa watendaji wa kata, lifike vijijini, libandikwe kwenye ubao wa ofisi na kusomwa kwenye mkutano wa kijiji. Fomu iwe ya bure, kurasa mbili. Barua ya mtendaji ithibitishe makazi tu. Ukimruhusu apendekeze majina, umemkabidhi uchaguzi, na mtoto wa mtu asiyejulikana pale ofisini fomu yake haitakufikia.

Sasa usaili, ambako ndiko kazi iliko. Weka wasaili watano, mmojawapo kijana, na mwenye ndugu kati ya waombaji atoke chumbani. Mgawanyo wa alama unaofaa ni huu: uongozi 40, uhitaji 25, masomo 25, mpango wa baadaye 10. Kila msaili ajaze karatasi yake kimyakimya kabla ya mazungumzo yoyote, maana mkubwa wa cheo akitangulia kusema, wengine humfuata. Wawili wakipishana kwa zaidi ya alama 15, kila mmoja aeleze sababu, na sababu hiyo iandikwe.

Uongozi usipimwe kwa ufasaha wa kuongea. Anayesema ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwambie kwenye barua ya wito aje na daftari. Lifungue. Tazama kama tarehe zinafuatana, kama wanachama wamesaini wenyewe, kama faini zimeandikwa, kama jumla ya ukurasa huu imehamishiwa ukurasa unaofuata. Kisha muulize: mwanachama aliposhindwa kurejesha mkopo, mlifanyaje? Aliyekuwepo hujibu kwa majina, siku na kiasi. Ambaye hakuwepo hukupa hotuba. Na usisahau mwombaji mwenye ulemavu: chumba kiwe cha chini, mkalimani wa lugha ya alama aandaliwe mapema.

Kinachokwamisha malipo mara nyingi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Yohana, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Johana, akaunti ya benki ina herufi J na nukta. Linganisha nyaraka zote tatu siku ya usaili, si siku ya kulipa. Zikitofautiana, kijana apate hati ya kiapo mapema, na akaunti irekebishwe ifanane na kitambulisho.

Ada ilipwe moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo. Posho iende kwenye akaunti ya mnufaika mwenyewe, kamwe si kwenye simu ya mjomba. Kabla ya kutangaza idadi, thibitisha kwa mhasibu kuwa kasma, yaani kifungu cha bajeti, ina fedha za miaka yote ya kozi: wanafunzi 20 wa kozi ya miaka mitatu ni ada 60, si 20. Wengi hukwama mwaka wa pili kwa hesabu hii tu. Tenga pia asilimia 10 kwa ada zinazopanda.

Kila muhula omba matokeo kutoka chuoni, kwa ridhaa ya maandishi ya mwanafunzi. Sapu moja, yaani mtihani mmoja wa marudio, isimfukuze mtu. Mpigie simu kwanza. Mara nyingi utakuta posho ilichelewa, akahama chumba, akakosa vipindi. Mkataba useme wazi nini kinasimamisha ufadhili, na umpe siku 14 za kukata rufaa.

Kila mnufaika awe na faili lake: fomu, barua ya makazi, nakala za vyeti na kitambulisho, karatasi tano za alama, mkataba, stakabadhi za ada, matokeo ya mihula. Walioachwa nao watunziwe karatasi zao za alama, kwa sababu mzazi akija kuuliza kwa nini mwanawe hakuchaguliwa, anastahili kuonyeshwa.