Upepo wa vumbi ukishapita, usikimbilie ufagio: namna ya kusafisha nyumba bila kuumiza kifua

Mimi ni nesi hapa Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, na kila kiangazi kikikolea Karamoja tunapokea kikohozi kikavu, macho mekundu, na watoto wa pumu wanahema juu juu. Ukiwauliza, wengi siku ya upepo wenyewe walikuwa wazima kabisa, wameanza kuumwa kesho yake baada ya kufagia. Ufagio mkavu unarusha tena hewani vumbi ambalo lilishatulia, na lile laini ndo baya zaidi, chembe za chini ya mikroni 2.5 (unywele wa mtu ni kama mikroni 70) zinapita puani na kushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Hatua ya 1: upepo ukiwa bado unavuma
Funga milango na madirisha, halafu angalia juu, yale matundu ya ventileta ndo watu wanasahau. Ziba na kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kingine weka chini ya mlango. Ila tafadhali sana, ukishaziba hivyo sigiri isiwashwe ndani. Hata mkaa ulioshika vizuri usio na moshi unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, inaua watu wamelala. Bora mle viporo.

Hatua ya 2: subiri
Upepo ukitulia na nje kukianza kuonekana vizuri, toa vitambaa, fungua madirisha ya pande zote mbili hewa ipite. Walio Kampala angalieni app ya AirQo, ule mradi wa Makerere, inaonyesha PM2.5, yaani kiasi cha lile vumbi laini hewani, ya maeneo mengi. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo.

Hatua ya 3: kusafisha
Mwenye pumu kwanza atoke, aende hata kwa jirani. Wewe vaa barakoa ya N95 kama unayo, leso inazuia vumbi kubwa tu. Anza juu ushuke chini: mbao za paa, juu ya kabati, halafu meza, sakafu mwisho. Tambara liwe limelowa, likunje mara nne, futa kuelekea upande mmoja, upande wa tambara ukichafuka geuza, na maji yakishakuwa kama chai ya maziwa mwaga uchote mengine, ukiendelea na hayo hayo unapaka matope tu. Sakafu ya simenti piga deki. Ya udongo nyunyizia maji kwa mkono mpaka vumbi lishikane, ndo ufagie polepole bila kuinua ufagio.

Sasa chandarua. Hiki kinakaa juu ya uso wako usiku kucha na kimejaa vumbi, mtoto akigeuka tu linamwagika, halafu mama anashangaa mbona anakohoa usiku tu mchana hapana. Kitoe nje, kifue taratibu kwa sabuni ya kawaida, usitie jiki, anika kivulini maana jua linaharibu dawa ya mbu iliyotiwa humo. Mashuka fua, godoro toa nje ulikung'ute ukiwa umeupa upepo mgongo.

Hatua ya 4: macho na pua
Usisugue macho, yamwagilie maji safi. Pua isafishe kwa kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi nusu kijiko cha chai.

Hatua ya 5: mwenye pumu
Kama mtoto ameandikiwa pampu, usimpulizie mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi inaishia kooni. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, kata tundu kwenye kitako linaloingia mdomo wa pampu kwa kubana, ziba mianya na plasta. Ioshe kwa maji ya sabuni, usisuuze, iache ikauke yenyewe, hivyo dawa haigandi pembeni. Tikisa pampu, mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo, bonyeza mara moja, avute pumzi taratibu kama mara tano, ndo ubonyeze tena.

Ukiona mbavu zinazama akivuta pumzi, hawezi kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane, na chupa yake mwende nayo mkimpa dawa njiani.